Nyumba ya Kupumzisha Moyo Ijengwe kwa Mawe na Udongo wa Kwetu



Vita haviumizi mwili peke yake. Wapo kati yetu wanaoshtuka usiku, mama wanaokaa kimya siku nzima, vijana wanaokasirika bila kujua sababu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 makambi mengi yaliyozunguka mji wa Goma yalivunjwa. Familia nyingi zilirudi vijijini na kukuta nyumba zimebomoka na mashamba yanalimwa na wengine. Ndiyo maana viongozi wengi wanatamani kujenga nyumba ya mapumziko, mahali patulivu penye miti na hewa safi, ambapo mtu anaweza kukaa siku chache, kusikilizwa na kulala bila hofu.

Ni wazo jema. Lakini nyumba ya kuponya watu ikijengwa kwa kukata msitu wa jirani, au juu ya shamba lenye mabishano, itazaa ugomvi mpya. Uponyaji unaanza siku ya kuchagua kiwanja, kabla mgonjwa wa kwanza hajafika.

Mifano miwili kwa majirani

Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Kuta zake zilijengwa kwa mawe meusi ya volkeno, yale yale ambayo wakulima huyaona kuwa ni usumbufu shambani. Mafundi waashi wa mahali pale waliyachonga wao wenyewe, wakapata ujuzi wa kuendelea nao. Vitanda vinaelekea madirishani ili mgonjwa aone milima, na njia za kupitia zimewekwa nje ili hewa ya ugonjwa isikae ndani.

Huko Kayonza, mashariki mwa Rwanda, kituo cha wanawake kilifunguliwa mwaka 2013. Wanawake ambao wangekitumia ndio waliofinyanga matofali yake, zaidi ya 400,000. Kuta zina matundu ya kupitisha upepo, na vyumba ni vidogo vya mviringo vilivyokaa pamoja kama kijiji.

Mawe kama ya Butaro yako Goma na Nyiragongo. Udongo mwekundu uko katika milima ya Masisi, Kalehe na Walungu. Hatukosi vifaa.

Kuchagua mahali

Kwanza, waulizeni wazee. Karibu na volkeno kuna mabonde yenye mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kutuama chini bila harufu. Imekwisha kuua watu na mifugo. Msijenge humo hata kama kiwanja ni cha bure.

Pili, ulizeni ardhi ni ya nani. Aliyeikimbia huenda atarudi kesho. Mwami au mjumbe wake, chifu wa kijiji, majirani wa pande zote nne na ofisi ya ardhi wakubaliane kwanza, mipaka ikanyagwe kwa miguu mbele ya mashahidi, kisha iandikwe.

Tatu, tazameni njia ya maji ya mvua. Mteremko mkali uliokwisha kukatwa miti unaweza kuporomoka.

Kuta

Tofali la kuchoma linakula kuni nyingi, na miti yetu imekwisha kupungua kwa sababu ya makala. Tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono halichomwi. Ondoeni udongo mweusi wa juu wenye mizizi, mchukue ule wa chini. Upimeni hivi: jazeni chupa udongo hadi theluthi moja, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, kisha iacheni hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini na udongo laini juu. Mchanga uwe mwingi kuliko udongo laini. Usipokuwa hivyo, tofali litapasuka likikauka.

Changanyeni sehemu 1 ya simenti na sehemu kama 15 za udongo, mtengeneze matofali machache ya kujaribu. Yakae kivulini, yakifunikwa na kunyunyiziwa maji kwa wiki ya kwanza, na msijenge nayo kabla ya wiki 4.

Msingi uwe wa mawe na upande juu ya ardhi kama sentimita 40, ili maji yasile ukuta. Kwa kuwa ardhi yetu hutetemeka, kama Bukavu ilivyoona mwezi wa pili mwaka 2008, nyumba isiwe ya ghorofa, na juu ya kuta zote upite mkanda wa zege wenye nondo.

Paa, maji na utulivu

Manjanja hupiga kelele mvua inyeshapo, na kelele hiyo humrudisha mwenye kiwewe kwenye milio ya risasi. Wekeni dari la mianzi au mikeka chini yake. Paa litokeze nje ya ukuta kiasi cha mita moja, lilinde udongo na kutoa baraza la kukaa.

Paa hilo hilo ni kisima. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 100 huleta lita 2,000. Hata zikipotea kiasi, karibu lita 1,600 zitaingia katika tangi, na hakuna msichana atakayetumwa mtoni jioni.

Aliyevamiwa usiku hapendi chumba chenye mlango mmoja na ushoroba wa giza. Jengeni vyumba vidogo vilivyotengana, kila kimoja kiwe na njia mbili za kutokea, na madirisha ambayo mtu akilala kitandani ataona miti. Chumba cha mazungumzo kiwe mbali na jiko na njia ya wapita njia, ili siri ya mtu isisikike nje.

Nani atajenga?

Hapa ndipo amani inapojengwa au kuvunjwa. Wenyeji wakiajiriwa peke yao, waliohama watasema wamebaguliwa. Waliohama wakiajiriwa peke yao, wenyeji watasema ardhi yao imechukuliwa. Gaweni kazi kwa pande zote, na mchanganye watu katika kila kikundi badala ya kukipa kila upande ukuta wake. Mshahara wa siku utangazwe hadharani, mama na baba walipwe sawa. Salongo isitumiwe kama njia ya kutolipa watu.

Watu wawili waliokuwa hawasalimiani wakibeba jiwe moja, watalazimika kusema: shika huku, ngoja, twende. Hatusemi kwamba hayo yanafuta yaliyopita. Lakini ni maneno ya kwanza, na nyumba itakapokwisha, kila mmoja atajua kwamba mkono wake uko ukutani.

Ninyi viongozi, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, kaeni na familia zenu mjiulize: Ardhi hii ina kilio cha nani? Nani hajaitwa kwenye kikao hiki? Miti mingapi itakatwa, na mingapi itapandwa? Mkiweza kujibu mbele ya watu wote, anzeni kuchimba msingi.