Maji Yatokayo kwa Aliyelala

Tarehe 27 Juni 1911, katika majira ambayo jua halichomozi kabisa huko Antaktika, Waingereza watatu walitoka kwenye kibanda chao cha Cape Evans wakivuta sleji mbili gizani. Walikuwa Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard. Walifuata mayai ya pengwini wakubwa kule Cape Crozier, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, wakarudi na matatu tu. Lakini leo, wanangu, tuyaache mayai. Nataka tuitazame mifuko waliyolalia.

Mifuko hiyo ilishonwa kwa ngozi ya kulungu wa kaskazini. Siku ya kuondoka, yote mitatu pamoja ilikuwa na uzito wa kilo 24 hivi. Waliporudi baada ya wiki tano ilipimwa tena, ikafika kilo 53 na ushee. Nani alitia kilo 30 humo? Mvua hainyeshi katika baridi iliyowahi kupita nyuzi 60 chini ya sifuri. Hapakuwa na mto wa kuvuka wala dimbwi la kukanyaga. Maji yale yalitoka miilini mwao wenyewe. Walipumua, wakatoka jasho, mvuke ukaingia katika manyoya ukaganda, na usiku uliofuata wakaongeza mwingine juu yake. Ikafika mahali kila jioni mtu hujipenyeza kidogo kidogo, miguu kwanza, akiyeyusha barafu kwa joto lake mpaka apate nafasi ya kulala.

Nimeanzia huko mbali kwa sababu kila anayelala nje ndani ya bivi hupambana na maji yaleyale. Bivi ni kifuniko chepesi cha kitambaa kinachovikwa juu ya mfuko wa kulalia, ili mtu alale nje bila hema. Wapanda milima huipenda kwa kuwa nyingine hazifiki hata nusu kilo na hukunjika zikawa ndogo kabisa. Hapa kwetu huwafaa wanaokwea kilele cha Nelion katika Mlima Kenya, mita 5,188, giza linapowakuta kwenye miamba ambako hema halina pa kusimama. Anayenunua bivi huuliza kwanza: je, inazuia mvua? Swali hilo ni la haki, ila linatazama upande mmoja tu wa kitambaa.

Tuutazame upande wa pili. Hata ukilala tuli bila kutokwa na jasho, ngozi na pumzi zako hutoa maji usiku kucha, kiasi cha kikombe cha chai au zaidi. Huyaoni kwa sababu ni mvuke. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye siri yote. Hewa yenye joto la nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ipoze mpaka sifuri, nayo haiwezi kubeba hata gramu 5. Zile 12 zinazobaki lazima ziende mahali, na huenda penye baridi zaidi zikageuka matone. Funua sufuria ya wali uutazame mfuniko kwa chini: matone yale hayakumwagwa na mtu. Ukuta wa bivi hufanya kazi ya mfuniko huo.

Tena usiku wa anga safi, lisilo na wingu, kitambaa hupoteza joto lake kuelekea juu kikawa baridi kuliko hata hewa inayokizunguka. Ndiyo maana mtu hulala chini ya nyota, hakuna hata tone la mvua, na alfajiri anaamka mfuko umeloa. Hapo huilaumu bivi kwamba inavuja, kumbe haikuvuja hata kidogo.

Kuzuia maji kuingia ni jambo la zamani. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alipata hataza ya kitambaa chenye mpira ndani yake, na mvua ikashindwa kupita. Jasho nalo likashindwa kutoka. Mwaka 1969, huko Marekani, Bob Gore alikuwa akivuta vijiti vya plastiki vilivyopashwa moto, plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Kila alipovuta polepole, vilikatika. Kwa kukerwa akakivuta kimoja kwa ghafla, na badala ya kukatika kikarefuka ajabu, kikajaa vitundu visivyoonekana kwa macho hata sehemu kubwa ya mwili wake ikawa hewa tupu. Plastiki hiyo ikitandazwa huwa utando mwembamba wa kuwekwa kwenye kitambaa. Watengenezaji husema kila kitundu cha utando huo ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, lakini ni kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Mvua hukwama nje na mvuke hutoka.

Naipenda sana hadithi hiyo, na kwa sababu naipenda sitaki muielewe nusu. Utando hausukumi mvuke. Mvuke hutoka wenyewe, na hutoka pale tu ambapo ndani upo mwingi kuliko nje. Usiku wa mvua hewa ya nje imeshiba, basi safari ya mvuke hupungua sana. Pia kitambaa cha juu hupakwa dawa ya kufukuza maji. Dawa hiyo ikichakaa, kitambaa hunyonya mvua, na maji yakatanda juu ya vitundu kama kwamba havipo. Kwenye baridi kali mvuke huganda upande wa ndani kabla haujafika mlangoni.

Kwa hiyo mafundi wengi wa bivi nyepesi wameuacha utando. Juu huweka nailoni laini inayopitisha mvuke na kuhimili umande na manyunyu tu. Chini huweka nailoni iliyopakwa silikoni. Mimi nikiulizwa, nasema hiyo ndiyo bora kwa wengi, mradi juu yake ufunge turubai dogo la kukinga mvua yenyewe. Hewa ipite kati ya hivyo viwili.

Chini pana taabu yake. Uwezo wa kitambaa kuzuia maji hupimwa kwa kusimamisha bomba juu yake na kulijaza maji mpaka matone yapenye. Urefu wa maji hayo, kwa milimita, ndio alama yake. Mvua husukuma kidogo, lakini goti lako kwenye udongo uliolowa husukuma kwa nguvu nyingi, na sakafu iliyokuwa imara jana huanza kutoa jasho. Mishono nayo ni matundu ya sindano yaliyopangwa mstari. Ya kitambaa cha silikoni hupakwa gundi ya silikoni, kwa sababu utepe wa kawaida haushiki.

Ukilala, toa pua na mdomo nje. Pumzi ndiyo inayolowesha mfuko upesi, na manyoya ya bata yaliyojazwa humo yakilowa hushikana mabonge yakaacha kutunza joto. Kamwe usijifunge kichwa ndani ya kitambaa kisichopitisha hewa, hata baridi iwe kali namna gani, kwa maana utakosa pumzi. Lala juu kidogo ya bonde, kwani hewa baridi yenye unyevu hukusanyika chini. Asubuhi pindua kila kitu, uanike.

Na kabla ya safari, nyunyizia maji kitambaa cha juu. Yakijikusanya na kuteleza, dawa ingali inafanya kazi. Yakinyonywa na rangi ya kitambaa ikakolea, kifue kwa sabuni hafifu, kikaushe, kisha kipashe joto la wastani kama kibandiko chake kinaruhusu. Mara nyingi dawa hurudi. Isiporudi, puliza nyingine kabla hujafunga mzigo.