Sensa Huhesabu Waumini, Haihesabu Kura

Matokeo ya sensa ya 2021 ya Ayalandi ya Kaskazini yalipotangazwa Septemba 2022, takwimu moja ilifunika nyingine zote. Kwa mara ya kwanza tangu eneo hilo litengwe na sehemu nyingine ya kisiwa mwaka 1921, Wakatoliki walikuwa wengi kuliko Waprotestanti: asilimia 45.7 kwa 43.5.

Ili kuelewa uzito wake, turudi kwenye mpaka wenyewe. Kaunti 6 za kaskazini zilibaki chini ya Uingereza kwa kuwa Waprotestanti, ambao wengi wao waliutaka muungano huo, ndio waliokuwa wengi humo. Sensa ya 1926 iliwakuta Wakatoliki ni kama theluthi moja tu ya wakazi, na wengi wao walitamani Ayalandi iliyo moja. Tangu hapo dini ikawa alama ya siasa, na kila sensa ikapimwa kama matokeo ya uchaguzi. Hata damu ilimwagika wakati wa sensa: Aprili 1981, katikati ya machafuko yaliyoua watu zaidi ya 3,500, karani wa sensa alipigwa risasi na kufa mjini Londonderry akiwa kazini.

Lakini takwimu ya dini ni jibu la swali, na jibu hufuata namna swali lilivyoulizwa. Fomu ya 2021 ilimuuliza mtu dini yake ya sasa. Hapo Wakatoliki walikuwa asilimia 42.3, na wasio na dini asilimia 17.4, kutoka 10.1 mwaka 2011. Asiye na dini aliulizwa tena: ulilelewa katika dini gani? Ukijumlisha majibu ya malezi ndipo unapopata ile 45.7, na kundi la wasio na dini linashuka hadi 9.3. Kwa hiyo ndani ya hesabu iliyotangazwa wamo watu wasiosali popote. Wamo pia Wakatoliki waliohamia kutoka Poland na kwingineko, ambao ugomvi wa 1921 hawakuukuta nyumbani kwao.

Swali la malezi halikuwekwa kwa hila. Kwa miaka mingi Wakatoliki walibaguliwa katika ajira na nyumba, na sheria ya mwaka 1989 iliwataka waajiri watoe taarifa za wafanyakazi wao kulingana na jamii wanazotoka. Bila kujua mtu ametoka upande gani, huwezi kuthibitisha kwamba upande wake unanyimwa kazi. Hiyo ni kazi halali ya takwimu. Kuigeuza kuwa utabiri wa kura ni kuipotosha.

Sensa hiyohiyo inatoa ushahidi. Watu walipoulizwa utambulisho wao wa kitaifa, asilimia 31.9 walijibu Waingereza tu, kutoka 39.9 miaka 10 kabla. Waliojibu Waayalandi tu walikuwa 29.1, na hata ukiwaongeza waliochanganya Uayalandi na utambulisho mwingine unafika 33.3. Idadi hiyo iko chini sana ya Wakatoliki wote. Asilimia 19.8 walichagua kuwa watu wa Ayalandi ya Kaskazini tu. Kati ya kambi hizo mbili wapo maelfu kwa maelfu wasiojiona ndani ya yoyote, na hakuna mwenye haki ya kuwahesabu kuwa wake kwa sababu tu ya kanisa walikobatizwa.

Mkataba wa amani wa 1998 ulikwisha kusema jambo hili waziwazi: hatima ya eneo hilo itaamuliwa kwa kura ya wananchi, na kura hiyo itawezekana pale itakapoonekana kuwa wengi wanaelekea kutaka mabadiliko. Mkataba haukutaja idadi ya waumini, na haikupaswa kutajwa. Anayetaka Ayalandi moja hana budi kueleza hospitali, pensheni na shule zitakuwaje. Anayetaka kubaki na Uingereza ana deni hilohilo. Kungoja watoto wa upande wako wazaliwe wengi kuliko wa jirani ni kukwepa siasa, na nchi iliyokwisha kuzika watu wengi hivyo inastahili viongozi wanaoshawishi.