Ukifika Kilifi, usianze na bei ya mnazi. Uliza umegemwa saa ngapi

Kama umewahi kuketi katika mojawapo ya baa za Nairobi zinazojitengenezea bia nyuma ya kaunta, unazijua mbwembwe zake. Unaletewa vijiglasi vinne kwenye ubao, mhudumu anakueleza habari za shayiri na hopsi, nawe unapiga picha kabla hata hujaonja. Ni raha yake, hatukatai.

Lakini ukitaka kinywaji kilichotengenezwa kwa mkono, cha mahali pamoja na cha siku moja, safari yako haina budi kuelekea Pwani. Huko kuna mnazi. Hauna lebo wala tangazo, na aliyeutengeneza pengine bado yuko juu ya mti unapofika.

Wageni wengi kutoka bara huujua mnazi kwa njia mbaya. Wanauziwa chupa ya plastiki kando ya barabara saa saba mchana, wanaonja kitu kichachu chenye harufu kali, wanakunja uso na kurudi kwenye bia yao. Kisha wanaandika mtandaoni kwamba mnazi ni takataka. Ukweli ni kwamba walikunywa mnazi uliopitwa na wakati.

Wapi pa kwenda

Minazi imetapakaa kuanzia Kwale hadi Lamu, ila ukitaka kuona kazi yenyewe, nenda Rabai na Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi. Kutoka Mombasa, unapanda matatu hadi Mazeras kwenye barabara kuu ya Nairobi, kisha unakata kuelekea Rabai na kusonga mbele hadi Kaloleni. Ukishafika huko utaiona minazi imejaa vilimani, na kwenye mashina yake kuna mikato iliyochongwa kama ngazi.

Mikato hiyo inaitwa vidato. Naam, kidato kile kile unachokijua wewe cha shuleni. Kabla ya kuwa darasa, kidato kilikuwa mahali pa mgema kuweka mguu anapoukwea mnazi. Kwa hivyo ukimwona kijana akipanda kidato kimoja kimoja na kibuyu kiunoni, jua lugha yako ilianzia hapo.

Saa ndiyo kila kitu

Kazi ya mgema huanza alfajiri. Anakwea hadi kileleni, anashika karara, lile ganda lililofumbata maua machanga ya mnazi, na kulikata ncha kwa kotama, kisu chake chenye makali kama wembe. Utomvu unaanza kudondoka tone kwa tone ndani ya kibuyu au kidumu kilichofungwa hapo. Jioni anarudi, anachukua kilichojaa, anakata tena kipande chembamba ili kidonda kisizibe, anashuka. Kesho hivyo hivyo, na mtondo pia. Siku akilala, karara linakauka na kazi ya wiki nzima inapotea.

Utomvu unapoanza kutoka ni mtamu kama maji ya sukari. Hakuna anayeutia hamira. Chachu iliyo hewani na ndani ya kibuyu chenyewe huanza kazi mara moja, na baada ya saa chache tu tayari una kinywaji chenye ulevi unaokaribia ule wa bia ya chupa. Uliogemwa alfajiri na kunywewa asubuhi ni tembo tamu. Ule wa jioni umekolea. Ukilala hadi kesho unakuwa mkali, na ukizidi hapo unageuka siki, ambayo akina mama hawaitupi, inaingia jikoni. Hata tembo lenyewe lina kazi huko: tangu zamani Waswahili wamelitumia kuumua unga wa mikate na vitumbua.

Ndiyo maana swali la kwanza ukifika ni saa. "Shikamoo mzee, huu umegemwa saa ngapi?" Muuzaji mwaminifu atakujibu bila kusita, tena atakuuliza unataka mtamu au mkali. Anayebabaika, mshukuru uende zako.

Kuna dalili nyingine za kuangalia. Mnazi mbichi ni mweupe wa ukungu, kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo, na povu lake linachezacheza lenyewe. Ladha yake ina utamu na uchachu kwa pamoja, na kwa mbali unasikia nazi. Maji ni vigumu kuyagundua kwa macho, na wahenga waliliona hilo zamani: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hivyo sifa zako zitoe kwa kiasi, bana.

Mangweni

Mahali pa kunywea panaitwa mangwe. Usitarajie kaunta. Ni banda la makuti au kivuli cha mwembe, mabenchi ya mbao, na pembeni pengine mama anayeuza samaki wa kukaanga, pweza au muhogo. Mnazi unakuja kwenye kibuyu, kikombe au jagi la plastiki, na mara nyingi unanyonywa kwa mrija wenye kichujio, maana mna vijitaka vya mti na wakati mwingine nyuki mmoja aliyenogewa kupita kiasi.

Salimia kila mtu kabla ya kuketi. Wazee wasubiri waanze. Usimpige mtu picha bila kumwomba, na usimwambie mgema apande mti saa ambayo si yake ili wewe upate video. Mti ule ni mrefu, hana kamba, na mvua ikinyesha shina linateleza. Ukitaka kuona, amka mapema umfuate kazini na umlipe muda wake.

Kumbuka pia kwamba kwa Wamijikenda mnazi si kileo tu. Unaingia katika posa na mahari, katika matanga, katika kusuluhisha ugomvi na katika matambiko ya wazee. Kwa upande mwingine, Pwani ina Waislamu wengi ambao hawagusi pombe. Usiingie na kidumu chako katika nyumba ya mtu au mtaa kama Takaungu ukidhani kila mmoja atafurahi.

Na ukiubeba, usifunge kifuniko kikakaza. Mnazi unaendelea kuchachuka njiani na kutoa gesi. Chupa iliyobanwa itakulipukia ndani ya matatu, na utalipia nguo za watu.

Sheria inasemaje

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kwa wagema. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, ilitoa nafasi ya pombe za kienyeji kuuzwa kwa leseni. Saa za baa ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Sasa fikiria. Kinywaji kinachofaa zaidi asubuhi kinasubiri jioni ndipo kiuzwe kihalali. Kufikia wakati huo ule wa alfajiri umeshakuwa mkali, na anayetaka mtamu analazimika kununua kwa kujificha.

Kila pombe ya sumu inapoua watu, kama ilivyotokea Kirinyaga Februari 2024, msako hufika hata mangweni. Ni sawa kuogopa sumu. Lakini mnazi haupiti motoni wala haukenekwi kama chang'aa. Hatari yake ni mtu anayeuongeza spiriti au dawa ili "upande haraka", na mtu huyo hustawi zaidi pale biashara inapofichwa gizani.

Kama hujafika miaka 18, wewe agiza dafu. Hiyo ndiyo sheria, na Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri huo upandishwe hadi 21. Kama umefika, kunywa kidogo na uache funguo za gari au pikipiki kwa mwenzako. Mnazi mtamu unadanganya: unateremka kama sharubati, kisha miguu inakataa kusimama.

Cha kurudi nacho

Karara likigemwa halitoi nazi. Kila mwenye shamba anachagua: asubiri nazi zikomae auze, au apate pesa za kila siku kutoka kwa mgema. Pesa hizo ndizo zimelipa karo za watoto wengi wa Kaloleni. Lakini vijana wanaotaka kukwea wanapungua, na huwezi kuwalaumu, kwa kazi isiyo na bima ambayo bidhaa yake inaitwa haramu leo na utamaduni kesho.

Mgeni anayeuliza saa, akalipa bei ya haki na kukataa uliochezewa, anampa mgema sababu ya kukwea tena kesho. Ukiwa na likizo Desemba hii, pitia Rabai kabla ya kukimbilia ufukweni. Ila amka mapema, mnazi hausubiri mtu.