Angela James: Mfungaji hatari wa barafuni aliyeachwa Olimpiki

MWISHONI mwa mwaka 1997, kocha wa timu ya wanawake ya Kanada ya hoki ya barafuni, Shannon Miller, alitangaza kikosi cha kwenda Olimpiki ya Nagano, Japani. Jina la Angela James halikuwemo. Kwa mtu wa soka, chukulia kocha wa Brazil anasoma kikosi cha Kombe la Dunia, anafika jina la mwisho, na Marta hajatajwa.

Kwa shabiki wa Nyanungu, kule Tarime mpakani na Kenya, barafu ni ile ya kwenye friji la soda. Huko Kanada wanaigandisha uwanja mzima, wanavaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wanashika magongo na kukimbiza kisahani kigumu cha mpira. Timu inaingiza watu sita, kipa akiwemo, na mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Mabadiliko hayana kikomo: unacheza kama dakika moja, unatoka kupumua, mwenzako anaingia, kisha unarudi tena. Mchezo wenyewe hauko mbali sana. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya Hoteli ya Panari, Kenya Ice Lions wanajifua hapo, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la dunia.

James alizaliwa Toronto, Desemba 22, 1964. Baba alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Mississippi, mama Mkanada mzungu. Alilelewa na mama yake mtaa wa Flemingdon Park, kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo, na hoki ni mchezo wa watu wenye hela. Vifaa vyake si viatu na soksi tu. Ligi ya watoto mtaani ilikuwa ya wavulana, binti akajichanganya humo humo. Akawafunga. Wakampandisha acheze na waliomzidi umri, nako akafunga. Baadaye ikaamuliwa kwamba wasichana hawaruhusiwi.

Haikumzuia. Akiwa Chuo cha Seneca, msimu wa 1984-85, alifunga mabao 50 katika mechi 14. Hesabu hiyo hata kwenye ndondo za mtaani ungeomba irudiwe.

Dunia ilimjua mwaka 1990, mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia kwa wanawake yalipofanyika Ottawa. Kanada walivalishwa jezi za pinki ili kuvuta watu, wazo lililochekwa na wengi. James akatupia mabao 11 ndani ya mechi tano, Kanada ikaifunga Marekani 5-2 fainali na kubeba kombe. Wakalibeba tena 1992, 1994 na 1997, yeye akiwa ndani mara zote nne.

Kilichokuwa kimebaki ni Olimpiki. Wanaume walikuwa wakicheza hoki huko tangu 1920. Wanawake waliruhusiwa 1998. James alikuwa anakaribia miaka 33, dhahabu yake ya nne ya dunia ikiwa na miezi tu, ndipo akakatwa. Alikata rufaa, ikagonga mwamba. Kocha hakurudi nyuma.

Februari 17, 1998, fainali ya Nagano: Marekani 3, Kanada 1.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na haujaisha. Makocha wana haki ya kuacha majina makubwa. Scolari alimwacha Romário 2002 huku Brazil nzima ikimlilia, akarudi na Kombe la Dunia, na kelele zikaisha. Miller hakurudi na dhahabu. Hakuna anayeweza kuapa kwamba James angebadili matokeo, lakini timu iliyopata bao moja kwenye fainali ikiwa imemwacha nyumbani mfungaji wake wa kuogopwa haiwezi kukwepa swali hilo.

James alirudi timu ya taifa 1999 kwenye Kombe la Mataifa Matatu, kisha akaachana na mechi za kimataifa. Olimpiki hakuicheza kamwe.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 2010 yeye na Mmarekani Cammi Granato walikuwa wanawake wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la Hoki lililopo Toronto. Kabla yake, mchezaji mweusi aliyekuwemo humo ni mmoja tu, kipa Grant Fuhr.

Machi 2023 alikuwa meneja mkuu wa klabu ya Toronto Six, safari hii akiwa yeye ndiye mwenye kupanga nani asajiliwe na nani aachwe. Fainali ya Kombe la Isobel ilikwenda muda wa nyongeza, Toronto wakawalaza Minnesota Whitecaps 4-3. Miezi michache baadaye ligi hiyo ilinunuliwa na kufungwa, na Januari 2024 ikaanza ligi mpya ya kulipwa ya wanawake, Toronto ikiwa na timu.