Gari Limekataa Kuwaka? Anza na Ufunguo Kabla ya Stata

Unapiga stata, injini inazunguka vizuri lakini haiwaki. Au inawaka sekunde mbili kisha inazima. Wengi hukimbilia kubadilisha pampu ya mafuta na plagi, pesa zikaenda na gari likabaki palepale. Kumbe injini haina ubaya, ila gari halimtambui mwenyewe.

Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani yana kinga ya wizi iitwayo imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyotumia betri. Ukifungua swichi, koili iliyozunguka tundu la ufunguo huiamsha, nayo hutaja namba yake ya siri. Namba ikilingana na ile iliyo kwenye kompyuta ya gari, injini huruhusiwa kuwaka. Isipolingana, huzuiwa.

Tazama taa ya kinga kwenye dashibodi, yenye picha ya ufunguo au kufuli. Kumeta gari likiwa limezimwa ni kawaida. Ikiendelea kumeta baada ya kufungua swichi, ufunguo haujakubaliwa. Hapo fanya hivi:

1. Utenge ufunguo huo na funguo nyingine. Chipu ya gari jingine ikiwa karibu huweza kuvuruga mawasiliano.

2. Jaribu ufunguo wa akiba. Ukiwasha, ubovu uko kwenye ule wa kwanza. Pengine ulianguka chipu ikavunjika au ikatoka.

3. Kagua betri ya gari. Hewa yetu ya chumvi hula vichwa vya betri, na umeme ukipungua kompyuta huchanganyikiwa. Visafishe, uvikaze.

4. Kwa gari la kubonyeza kitufe, huenda betri ya rimoti imekwisha. Kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe, kisha ubonyeze. Mengi huwaka hivyo.

Yote yakishindikana, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Akikwambia "tuikate tu hii kinga", fikiri mara mbili: siku hiyo umemrahisishia mwizi kazi.

Na kama gari lako lina ufunguo mmoja, tengeneza wa pili sasa, nawe ukiwapo. Kunakili ufunguo uliopo ni rahisi. Ukipotea wa pekee, ni gari kuvutwa na kompyuta kupangwa upya.