Mtungi wa Mbeya, Sufuria ya Iringa

Mwezi wa saba Mbeya, hata bodaboda wa Mwanjelwa anapiga makoti mawili na mzula juu, lakini baiskeli ya aiskrimu ikipita na kile kimuziki chake, madogo wanatoka mbio. Iringa vilevile. Jioni pale Miyomboni upepo unakata masikio, na bado utakuta washkaji wamesimama na koni zao, freshi kabisa. Kwa hiyo mtu asituletee habari kwamba watu wa Nyanda za Juu Kusini hawana mpango na vitu vya baridi. Tunavipenda kinoma. Na mimi nasema hivi: ile aiskrimu ya moshi mnayoiona kwenye simu, ya naitrojeni, mahali pake ni huku.

Tuelewane kwanza mzigo wenyewe ukoje. Naitrojeni siyo kitu cha ajabu, hewa unayovuta sasa hivi asilimia 78 ni hiyo. Ukiipoza mpaka nyuzi 196 chini ya sifuri inakuwa majimaji, na inachemka hata ikiwa imekaa tu kwenye bakuli. Mtengenezaji anachanganya maziwa, krimu, sukari na ladha unayoitaka, tuseme parachichi la Rungwe, anawasha mashine ya kukorogea, halafu anamimina naitrojeni kidogo kidogo. Unasikia chwaaa! Wingu jeupe linafurika kwenye ukingo wa bakuli, linateremka mezani, linakupita miguuni. Dakika chache tu, naitrojeni yote imesharudi hewani na bakulini imebaki aiskrimu. Mzuka wa moshi ni wa kupigia picha, utamu uko kwingine. Maziwa yakiganda polepole, chembe za barafu zinapata muda wa kunenepa, ndiyo zile chenga unazozitafuna. Yakigandishwa chapuchapu hazikui, ulimi unateleza tu.

Wana wengi wanadhani huo mchongo ni wa majuu peke yake, kina Chin Chin Labs wa London. Sasa kamuulize mfugaji wa Uyole au Tukuyu anayepandisha ng'ombe wake kwa mrija. Mbegu za madume bora kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River kule Arusha, zinatunzwa ndani ya mitungi ya naitrojeni, na Mbeya ni moja ya vituo vya kanda vya kazi hiyo. Mtaalamu akifungua kifuniko zizini, moshi ni uleule. Na kutoka kwa ng'ombe hadi kwenye koni kuna mtu alishapita. Curt Jones, Mmarekani mtaalamu wa vijidudu, alikuwa anatumia naitrojeni kugandisha vijidudu vya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo. Mwaka 1988 akageuza ujuzi huo kuwa Dippin' Dots, aiskrimu ya punje punje, akatusua. Sisi maziwa ya Rungwe tunayo, Iringa kuna kiwanda cha maziwa cha Asas. Tunasubiri nini?

Halafu kuna Mkwawa, ile shule ya Iringa, na hapo ndipo damu inanichemka kabisa. Stori yenyewe inaanzia shule nyingine: mwaka 1963 kuna dogo wa fomu tatu pale Magamba Sekondari, Erasto Mpemba. Shuleni kwao walikuwa wanajitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Siku moja nafasi zinagombaniwa. Mwenzake mmoja akatupia maziwa bila hata kuyachemsha. Mpemba akapiga hesabu, akisubiri yapoe anakosa nafasi, akaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake bado uji. Kumuuliza ticha wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa, kitu hicho hakiwezekani.

Dogo hakukausha. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambulia dongo kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Ikawa ndiyo wimbo wa darasa, akikosea hesabu wanamwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi na ticha hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, moja maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazisukumia kwenye friji. Saa moja baadaye anafungua: barafu ni nyingi kwenye ile iliyoingia ya moto.

Akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akamuuliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kwa nini ya moto yanatangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne alirudi Dar akampa fundi wake wa maabara ajaribu, na ya moto yakatangulia kweli. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education. Mpaka leo wakali wanabishana kama tabia hiyo ipo kweli. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walisema wamepima hawaioni, mwaka 2020 wa Kanada wakaipata kwenye vipunje visivyoonekana kwa macho. Swali la aiskrimu ya wanafunzi, wana!

Ila naitrojeni haichezewi. Mwaka 2012 binti mmoja Uingereza, siku ya bethidei yake ya miaka 18, alikunywa kinywaji ambacho naitrojeni haijaisha, tumbo likatoboka, madaktari wakalazimika kuliondoa. Haitakiwi kufika mdomoni ikiwa majimaji. Tena lita moja ikigeuka hewa inakaribia lita 700 na inasukuma oksijeni nje, kwa hiyo ile tabia yetu ya kufunga madirisha yote kisa baridi inaweza kukuzimisha hujajua. Mtungi usizibwe ukakaza, utalipuka. Na ule wa mbegu za ng'ombe usikanyage jikoni. Ya chakula inanunuliwa ya chakula.

Wana wa chuo cha MUST pale Iyunga, mitambo ya naitrojeni ni saizi yenu. Lakini kijiwe cha kwanza, watu wa Mbeya mnisamehe, nakitaka Iringa, jirani na geti la Mkwawa, madirisha wazi. Pembeni kuwe na friza lenye vikombe viwili vya maziwa, kimoja kiliingia cha moto, kingine cha baridi. Kila mteja ataje kipi kimetangulia kuganda kabla mlango haujafunguliwa, na aliyepatia aongezewe kijiko cha bure.