Simu bora Karagwe na Kyerwa: Kusubiri nako kuna gharama

Soko la simu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hufuata kahawa. Maganda yakianza kuanikwa, wateja wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro huanza kuulizia bei. Fedha za mnada zikifika kwenye vyama vya msingi, ndipo hununua. Kwa mwenye duka, swali la kila msimu ni lile lile: ajaze rafu sasa, au asubiri kampuni za simu zilete simu janja imara zaidi kwa bei ambayo mkulima ataimudu?

Kumbukumbu za soko zinaonyesha kwamba anayesubiri bila kupiga hesabu huumia. Zinaonyesha pia kwamba anayenunua kwa pupa huumia vilevile.

Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta sokoni Smart Kitochi, simu ya vibonye yenye intaneti inayotumia programu ya KaiOS. Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, nayo ilitoa kitochi cha aina hiyo. Kwa mkulima, hilo lilikuwa jawabu la karibu: bei nafuu, betri inayokaa, na WhatsApp ndani yake. Lakini Juni 2024 WhatsApp iliacha kupakuliwa kwa mara ya kwanza kwenye simu za KaiOS, na huduma yenyewe ikapangwa kukoma mapema 2025. Aliyekuwa na shehena ya vitochi hivyo dukani alibaki na mali iliyopoteza sifa yake kubwa, ingawa haikuwa na ubovu wowote.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Simu zilizonunuliwa kwa bei ya kutupa zikawa hazifai hata kupigia.

Kodi haikushusha bei

Wapo waliosubiri nafuu ya kodi. Katika bajeti ya 2021/22 Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili wananchi wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata msamaha huo ulifutwa, kwa maelezo kwamba mlaji hakuona bei ikishuka.

Kwa simu inayouzwa sh. 180,000, kodi ya asilimia 18 iliyomo ndani yake ni kama sh. 27,500. Hiyo ndiyo nafuu yote ambayo mteja angeipata, tena kama kila mtu katika mnyororo, kuanzia mwagizaji hadi mwenye duka, angekubali kuiachia.

Linganisha na hesabu ya kahawa. Mkulima mwenye magunia 6 ya kilo 60 ana kilo 360. Akiuza kwa sh. 500 pungufu kwa kilo kwa kutojua bei ya mnada, amepoteza sh. 180,000, yaani simu nzima. Na huyo ni yule aliyefikisha kahawa sokoni. Aliyeuza ikiwa bado mtini kwa mtindo wa butura hupoteza zaidi. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani. Katika msimu wa namna hiyo, taarifa ya wiki iliyopita ni taarifa ya hasara.

Simu bora ni ipi?

Kampuni ya simu inapouza simu kwa bei nafuu hutazamia kurudishiwa fedha yake kwenye vifurushi. Ndiyo maana baadhi ya simu hizo hufungwa zitumie laini ya mtandao mmoja tu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hilo si tatizo kubwa. Kwa mtu wa Karagwe na Kyerwa, ambako mgongo wa kilima unaweza kukata mawimbi ya mtandao mmoja na kuacha ya mwingine, laini mbili ni hitaji la kazi. Mtu hupokea fedha kwa laini moja na kupiga kwa nyingine.

La pili ni betri, kwa sababu si kila kaya ina umeme. La tatu ni kumbukumbu. Simu janja yenye kumbukumbu ndogo hujaa picha na sauti za makundi ya WhatsApp ndani ya muda mfupi, na mteja hurudi dukani kulalamika.

La nne ni mnara. Mei 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfanyabiashara makini huuliza kwanza kata ya wateja wake ina 4G au la, kisha ndipo aagize.

Jirani Kenya, Safaricom ilianza mwaka 2020 kuuza simu za 4G kwa malipo ya kila siku. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, na simu yake ya bei ya chini ikatangazwa kwa sh. 7,499 za Kenya. Mikopo ya simu ipo Tanzania pia, na simu hujifunga malipo yakichelewa. Mkulima anayepata fedha mara moja kwa msimu apime kama malipo ya kila siku yanamfaa.

Ushauri kwa mwenye mtaji

Mtaji usilale kwenye aina moja. Vitochi vya kawaida bado vinauzika, lakini visinunuliwe kwa hoja ya WhatsApp. Simu janja ziingizwe kidogo kidogo kabla ya malipo ya kahawa, zenye laini mbili na risiti ya dhamana. Kwa simu zinazovuka kutoka Uganda kupitia Murongo, piga *#06# na utume namba ya IMEI kwenda 15090 kabla ya kutoa fedha.

Kwa mwenye hisa za Vodacom Tanzania, iliyoorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam Agosti 2017 baada ya kuuza hisa kwa sh. 850, jambo la kutazama ni mapato ya intaneti. Hayo hukua pale kitochi cha mkulima kinapobadilishwa na simu janja.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Walisema pia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Sokoni, anayefaidi ni yule anayejua kila siku ya kusubiri inamgharimu shilingi ngapi.